Mrejesho: vitabu vya kufurahisha kwa watoto wa miaka 4, 8 na 12

Asanteni kwa majibu. Niliuliza nichague vipi hadithi na katuni za watoto watatu bila kununua vitu vitakavyokaa kabatini.

Wa miaka 4: kurasa za kadibodi, sentensi moja au mbili kila ukurasa, na maneno yanayojirudia. Hapo hakuna mengi.

Wa miaka 8 ndiye mwenye kazi. Kipimo cha vidole kimesaidia: asome ukurasa mmoja kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vikifika vitano, kitabu kirudi rafuni, hata kama jalada limemvutia. Katuni pia zinaweza kumchosha: picha nane ukurasani, viputo vya maneno vimebanana, hajui aanzie kipi. Anza na picha tatu au nne kwa ukurasa, umwonyeshe kwa kidole: kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Manga (katuni za Kijapani) nyingi husomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mwachie wa miaka 12, lakini fungua katikati kwanza ukague. Mchoro wa kitoto si dhamana kwamba maudhui yanamfaa mtoto.

Kwa katuni za mitumba za mjini, kagua pini zinazoshika kurasa. Karatasi ya katikati ikichomoka, kurasa nne zimekwenda, mara nyingi pale hadithi imenoga. Na kabla ya kununua, jaribuni Maktaba ya McMillan, Nairobi, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mtoto achague mwenyewe.