UKOO WA BIBI (KIGOMA): safari ya Baraka Rumonge

*Alhamisi*

Shangazi Doris, 18:52
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kanisa la Rumonge, Burundi, limejibu, Baraka anapokelewa mwanzoni mwa mwezi wa nane, utumishi wa mwaka mzima. Leo tumalize pasipoti, mchango, na nani anamsindikiza hadi mpakani Manyovu. Andikeni jina na kiasi.
1. Doris 50,000

Mama Baraka, 18:53
Amen 🙏🙏

Shangazi Doris, 19:20
Wengi mmesoma. Aliyejibu mmoja.

Enos Gungu, 19:24
Shangazi tunakula kwanza, leo kuna migebuka 😂

Shangazi Doris, 19:25
Kula, ukimaliza andika.

Dada Eva, 19:33
Shikamooni wakubwa. Tuanze na pasipoti. Hati ya dharura itamvusha Mugina, upande wa Burundi wa mpaka, lakini haimfai mtu wa kukaa mwaka. Kule anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi, na kibali kinataka pasipoti. Gharama ni 150,000. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Awe na namba ya NIDA, cheti chake cha kuzaliwa, na cheti cha mzazi au kiapo.
Wengi wanakwama kwenye majina. Cheti kikisema Elia na NIDA ikasema Eliya, anarudishwa akaape kwa wakili, wiki zinapita. Mama Baraka, piga picha zote unitumie mimi pembeni, usiziweke humu.

Mama Baraka, 19:41
Cha Baraka ninacho. Cha marehemu baba yake sina.

Enos Gungu, 19:41
Kiko wapi?

Mama Baraka, 19:44
Kwenye sanduku.

Shangazi Doris, 19:58
Sanduku liko Mwandiga. Kaka Yohana, upo?

Shangazi Doris, 20:30
Kaka Yohana?

Baba Mdogo Simoni, 20:34
Si mama yake aape tu? Tusifukue mambo.

Dada Eva, 20:37
Kiapo kinakubalika, baba mdogo. Ila NIDA ya Baraka na cheti chake vinapishana herufi kwenye jina la baba. Tukiapa bila kuona cheti cha baba tunaweza kuapia kosa, halafu pasipoti itoke na kosa hilo hilo.

Enos Gungu, 20:39
Mzee mwenyewe alikuwa anasaini majina matatu tofauti 😂😂

Neema wa Ujiji, 20:40
😂😂 kweli, hata kwenye kadi ya kwaya

Shangazi Doris, 20:41
Jamani mchango! Mpaka sasa ni 50,000 na vicheko.
1. Doris 50,000
2.

Mama Baraka, 20:55
Mimi namwandalia godoro, dumu la mawese lita 20, mchele, sufuria mbili, na feni.

Dada Eva, 21:06
Mama, mawese usimtume, Rumonge nako wanakamua. Godoro na sufuria vipo kwa mwenyeji. Vinavyokosekana ni hivi:
– Kichwa cha chaja cha pini mbili za duara. Soketi za kule hazipokei pini zetu tatu, na mjini kwenyewe vinapotea dukani.
– Neti yenye dawa na kamba ya kuifungia.
– Vidonge vya kutibu maji. Ukanda ule wa ziwa kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Kile cha lita 20 kinatumika kimoja kwa ndoo, dakika 30 ndipo anywe. Maji yakiwa na tope yachujwe kwa kitambaa kwanza, maana tope linakula dawa.
– Viatu vilivyofunika vidole, soli ya kushika. Mjini ni tambarare, ila wanaotembelewa wengi wako mlimani.
– Chanjo ya homa ya manjano, achanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka. Kadi halisi, wasikubali nakala.

Mama Baraka, 21:08
Na feni?

Dada Eva, 21:09
Umeme wenyewe wa kukatika. Bora redio ya betri na taa ya sola.

Neema wa Ujiji, 21:15
Anaamka saa ngapi huko? Huyu hapa hadi amwagiwe maji

Enos Gungu, 21:15
🤣🤣🤣

Dada Eva, 21:22
Sala alfajiri, kuteka maji, halafu somo la Kirundi. Kiha kitamsaidia sokoni siku ya kwanza, lakini kuhubiri na kusali na mgonjwa ni kazi nyingine. Asubuhi watu wako shambani au ziwani, kwa hiyo kutembelea nyumba ni kuanzia saa tisa alasiri, wawili wawili, kamwe si peke yake. Jioni kwaya au mafundisho ya ubatizo.
Wanaoharibikiwa mara nyingi ni kwa sababu ya hela. Ukitembelea nyumba yenye njaa utaombwa. Ukitoa mfukoni leo, kesho kuna foleni mlangoni, na jirani aliyekosa haji tena ibadani. Shida ipelekwe kwa wazee wa kanisa, watoe wao. Kwa hiyo tusimpe mchango wote mkononi. Ya chakula ipitie kwa mwenyeji kila mwezi.
Na simu, mama, mara moja kwa wiki, siku yake ya kupumzika. Kijana anayepigiwa kila usiku anabaki Kigoma kimawazo. Wao wako nyuma yetu saa moja, saa mbili yetu ni saa moja kwao.

Mama Baraka, 21:30
Mara moja 😢

*Ijumaa*

Baba Mkubwa Yohana, 05:47
Nimesoma yote. Nilisema tangu mwaka ule, sanduku halifunguliwi mpaka habari ya michikichi imalizwe. Walioniita mwizi wamo humu, na mawese waliyala.

Shangazi Doris, 06:02
Kaka, hii ni safari ya mtoto.

Baba Mdogo Simoni, 06:04
Hakuna aliyesema mwizi. Tuliomba hesabu.

Baba Mkubwa Yohana, 06:05
Haya.

Neema wa Ujiji, 09:18
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)
Bibi ameongea kupitia simu yangu. Kwa wasio na bando: "Yohana, sanduku hilo nililinunua mimi. Karatasi ya mwanangu haina michikichi ndani yake. Jumapili baada ya ibada lifunguliwe mbele yangu, na Simoni awepo. Na Baraka asirundikiwe mizigo. Yesu aliwatuma bila mkoba, akawaambia wakae nyumba ile ile, wale wanachopewa. Asiende kutafuta nyumba yenye nyama."

Shangazi Doris, 09:20
Asante Mama 🙏

Baba Mdogo Simoni, 09:26
Tumesikia Mama.

Baba Mkubwa Yohana, 13:40
Nimesikia Mama. Jumapili nilikuwa na safari ya Uvinza. Nitaangalia.

Shangazi Doris, 13:41
Basi tupange usafiri. Pasipoti ikitoka, tumsindikize Jumamosi asubuhi, wote tuko nyumbani.

Dada Eva, 14:02
Jumamosi asubuhi hapana shangazi. Burundi kuna kazi za umma, magari yanasimama mpaka karibu saa tano. Na mafuta huwa shida, gari la Mabanda hadi Nyanza-Lac, njia ya kwenda Rumonge, linaweza kukaa likisubiri. Iwe siku ya kazi, awe mpakani mapema.

Shangazi Doris, 14:04
Siku ya kazi nani ana nafasi?
1. Doris 50,000
2. Eva 30,000 na kichwa cha chaja
3. Simoni 20,000 (ahadi)

Enos Gungu, 16:51
Mimi nitampeleka kama bodaboda yangu imetoka gereji

Shangazi Doris, 16:52
Na begi utalifunga wapi Enos? Na mchango wako uko wapi?