Acheni kunisahihisha kwa episodi ya jana, huyu adui ninayemwandika ni wangu

Wakuu, nimemeza mate miezi mingi, leo natema. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Naandika hadithi za mashabiki, yaani nachukua mhusika wa tamthilia namtungia hadithi yangu mwenyewe. Nimefika sura ya 31, zote juu ya adui wa tamthilia moja ambayo bado inarushwa. Jina lake silitaji, maana nikilitaja tu hapa patageuka ubishi wa nani anakufa mwishoni. Wanaoifuata watamjua: yule wakili mpole, sauti ya chini, aliyemuua kaka yake mwisho wa msimu wa kwanza halafu akasimama kaburini kusoma wasifu wa marehemu bila kutetereka. Tamthilia ilimpa dakika tatu, ikakimbilia kwa stelingi na mapenzi yake yasiyoisha. Mimi nikabaki palepale makaburini. Nilitaka kujua usiku ule yule mtu alilalaje. Hakuna aliyenieleza, nikaandika mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Juu kabisa ya sura ya kwanza, kabla hata hadithi haijaanza, nimeweka onyo: hadithi hii inaachana na tamthilia baada ya msimu wa pili. Sijui niliandike kwa wino gani ndiyo lisomeke.

Kwenye hadithi yangu huyu wakili alilelewa na shangazi aliyekuwa anahesabu kelele kama dhambi, ndiyo maana mpaka leo anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Sura ya 4 hiyo. Miezi kumi na moja baadaye msimu wa tatu ukatoka, wakamwonyesha utotoni: jumba kubwa, baba, mama, kinanda. Shangazi hayupo. (Na ile sauti ya chini hawajaieleza hadi kesho, lakini hilo hamlioni.) Naamka asubuhi nakuta maoni yamefurika. "Umekosea, ana wazazi." "Rekebisha sura ya 4." "Kwani huangalii tamthilia unayoiandikia?" Ndugu yangu, nimrekebishe mtoto ambaye wakati namwandika alikuwa hajazaliwa kwenye skrini?

Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wana hadi neno la hali hii. Tamthilia ikija kuibomoa hadithi yako, wanasema umekuwa "jossed", neno lililotokana na jina la Joss Whedon, mtunzi wa tamthilia. Yaani ni ajali ya kazi, inajulikana, watu wanapeana pole wanaendelea. Mashabiki wa Star Trek walitoa jarida lao la hadithi, Spockanalia, mwaka 1967, na tamthilia yenyewe ilirushwa mpaka 1969. Hawakusubiri imalizike ndiyo wapate ruhusa ya kuwaza.

Halafu kuna kisa cha barua, hiki ndicho kilichonichoma zaidi. Sura ya 9 niliandika kwamba alichukua barua ya mwisho ya kaka yake na hajawahi kuifungua, anatembea nayo kwenye koti. Msimu wa nne, episodi ya pili, anaingiza mkono kwenye koti, anatoa barua, bahasha bado imefungwa. Wakuu, niliruka kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza nilihisi mimi na yule mtu tunafahamiana kweli. Nikaingia kusoma maoni nikijua leo nitapongezwa. Nakuta: "Umeiba kwenye tamthilia." Tarehe ya sura ipo pale pale juu! Kwa hiyo nikikosea sijui kuandika, nikipatia mwizi. Sasa mnataka niandike nini?

Wengine wakaja kinyume chake, eti tamthilia ndiyo imeniibia, niende mahakamani. Tulieni. Mtu aliyeua ndugu yake akibaki na barua, kutoifungua ni jambo ambalo waandishi wawili wanaweza kulifikia bila kuonana. Tena watunzi wengi wa tamthilia wanakwepa kusoma kazi zetu kwa kuogopa kesi za namna hiyo. Straczynski, mtunzi wa Babylon 5, aliwahi kuweka pembeni muswada wa episodi nzima kwa sababu shabiki mmoja alikuwa ametaja mtandaoni wazo linalofanana na la muswada huo, mpaka shabiki huyo alipotoa idhini kwa maandishi.

Na hii imani kwamba watunzi wanajua kila kitu tangu siku ya kwanza mmeitoa wapi? Mwigizaji Michael Emerson alipoingia kwenye tamthilia ya Lost mwaka 2006 aliitwa kwa episodi chache tu. Wakampenda, akageuka Ben Linus, mmoja wa maadui wanaokumbukwa zaidi kwenye runinga. Wenye tamthilia wenyewe wanabahatisha njiani, ila mimi ndiye natakiwa nijue mwisho.

Wale wa "unamtetea muuaji" siwajibu. Someni sura ya 17 muone kama nimemtetea.

Lakini walionitoa machozi ni wanaomwaga spoila kwenye sura za zamani. Msomaji mpya yuko sura ya 2, anashuka chini kwenye maoni, anakuta mtu kamwandikia episodi nzima ya wiki hii, nani kafa, kafa vipi. Hujamkomoa mwandishi, umemharibia mtu ambaye hata hukumjua.

Kukosolewa sikatai. Kuna dada aliniandikia kwamba shangazi anatoweka baada ya sura ya 12 bila maelezo yoyote. Nikarudi kusoma, kweli, nilikuwa nimemsahau kabisa bibi wa watu. Nikakaa wiki mbili nikaandika upya sura tatu. Kasoro hiyo imo ndani ya hadithi yangu, aliiona kwa sababu aliisoma. Hakuja na rula ya msimu wa nne kunipimia.

Sura ya 32 inakuja. Shangazi yumo, wazazi hawamo, kinanda hakimo.

NYONGEZA: Nimeweka uzi huu nusu saa tu, jibu la kwanza limeshanieleza barua ile ina nini ndani. Sijaiona hiyo episodi. Asante sana, mkuu.