Ushauri: Nimeshawishiwa kununua fleti ya hoteli Zanzibar, nami nipo Mwanza

Mama Furu:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na kayabo hapa Mwaloni Kirumba. Nina akiba ya milioni 80 hivi, nilipanga kujenga vyumba vya wanafunzi Malimbe, kiwanja ninacho. Sasa juzi tumealikwa semina kwenye hoteli moja hapa mjini, tukalishwa vizuri kwelikweli, tukaonyeshwa mradi wa hoteli ya kifahari pwani ya mashariki ya Unguja. Unanunua fleti ya chumba kimoja ikiwa bado kwenye michoro, dola 62,000. Unaanza na 30%, nyingine kwa awamu hadi jengo liishe. Wao ndio watapangisha watalii, na wanaahidi 10% kwa mwaka, "ya uhakika", miaka mitatu ya mwanzo. Mume wangu anasema kama ni kisiwa tunacho Ukerewe, tununue ufukwe tujenge wenyewe. Nipeni mawazo, matusi hapana.

Ngosha wa Igoma:
Nipo siti ya mbele nasubiri madini. Ila ukilishwa bure, jua msosi umo kwenye bei ya fleti.

Bint Jambiani:
Dada, mie ni mtu wa huku. Usikubali wala usikatae kabla hujajua unauziwa kitu gani. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais wa Zanzibar, na sheria yake ya ardhi ni ya huku huku, ya mwaka 1992, si ile mnayoitumia Bara. Haki ya matumizi hupewa Mzanzibari. Mwekezaji anakodishiwa kwa miaka maalumu. Fleti ni jambo jengine, iko sheria ya 2010 inayokuwezesha kuwa na hati ya fleti yako peke yake ndani ya jengo. Basi waulize: mkataba wa ardhi umebakisha miaka mingapi? Hati itatoka kwa Mrajis, yaani msajili, kwa jina lako, au utapewa karatasi ya kampuni tu? Mradi umesajiliwa ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya huku?

Halafu njoo ukakione kiwanja maji yakiwa yametoka. Pwani hii ya mashariki bahari ikitoka unatembea mpaka uchoke, ni mchanga, mawe na mashamba ya mwani. Ile picha ya buluu imepigwa maji yamejaa. Na upite kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia ile (kama mtaa au kijiji kwenu Bara), umuulize kama pana mgogoro. Sheha anajua mengi ambayo hayamo kwenye brosha.

Mkokotoaji:
Dada, hiyo 10% ndiyo inayonitia shaka. 10% ya 62,000 kwa miaka mitatu ni dola 18,600. Sasa tafuta fleti ya ukubwa huo, iliyokwisha kujengwa, eneo hilo hilo, isiyo na ahadi yoyote. Ukiikuta inauzwa 45,000, basi umelipishwa 17,000 zaidi, wanakurudishia hela yako mwenyewe polepole na wewe unashukuru.

Mwaka wa nne ahadi imeisha, chumba kinajitegemea. Tuseme dola 80 kwa usiku, kimejaa siku 200 kwa mwaka: 16,000. Toa 15% ya mitandao ya kuuza vyumba, kwenye kinachobaki toa 30% ya mwendeshaji, toa kama 4,000 za huduma za jengo, umeme na bima. Unabaki na dola 5,500 hivi, kodi sijaigusa. Masika hoteli nyingi kule zinafunga Aprili na Mei. Zikishuka siku 146, unabaki na chini ya 3,000. Watalii kweli wapo, 2024 walizidi 700,000, lakini vyumba navyo vinajengwa kila kukicha.

Jingine: wewe unauza dagaa kwa shilingi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii, huna mzigo, na awamu ya dola itadaiwa tarehe ile ile. Kama hutaki kelele za wapangaji wa Malimbe, ziko hati fungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali, unaingia hata na milioni 1, kuponi (riba yako) kila miezi sita.

Fursa Kisiwani:
Dada usisikilize waoga, matajiri wote walianza na michoro. Njoo PM nikupe punguzo la leo tu.

Ngosha wa Igoma:
Huyu naye alikuwa kwenye semina nini?

Nahodha Mstaafu:
Shemeji yetu wa Ukerewe ana nusu ya hoja. Kisiwa kizuri, lakini sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wauza viwanja wanakupimia kuanzia majini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likavuka hata rekodi ya 1964. Mimi nilikuwa kazini kwenye hoteli moja ya ufukweni, baa ya chini ilizama, tukawa tunawahudumia wateja ngazini tukiwa na mabuti, friji limefungwa kamba lisielee.

Na ardhi ya kijiji usimalizane na mwenyekiti chini ya mwembe. Ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, muhtasari uuone kwa macho. Wageni nao: wengi wakitua Mwanza wanakimbilia Serengeti kwa lango la Ndabaka, na anayetaka kuogelea utamweleza nini kuhusu kichocho? Gesti ya kawaida Nansio, ya watumishi na wafanyabiashara, hiyo naielewa. Hoteli ya kifahari, hapana.

Mama Furu:
Asanteni sana, hasa Bint Jambiani na Mkokotoaji. Mume wangu kasoma hiyo ya mita 60 kanyamaza. Nimemuandikia yule dada wa semina nikiomba nakala ya mkataba wa ardhi na bei za fleti zilizokwisha kujengwa. Kanitumia video ya droni. Nimemuomba tena, nikipata karatasi nitaibandika hapa nikiwa nimeficha majina. Bint Jambiani, huyo sheha anapatikana siku gani?

Bint Jambiani:
Nitajie kwanza kijiji, dada. Kila shehia ina wake. Na usije Ijumaa mchana.