Viroba 40 vya sembe, kaya 63: tugawe vipi?

katibu_diakonia
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Muumini mmoja mwenye uwezo ametoa viroba 40 vya sembe, kilo 25 kila kimoja. Orodha yetu ya wahitaji ina kaya 63. Mtoaji anataka vikabidhiwe Jumapili baada ya mnada wa sadaka, wahitaji waitwe majina mbele ya usharika. Baadhi ya wazee wa kanisa wanaunga mkono, eti wengine wenye nazo watahamasika. Mnashauri nini?

mizani
Amina. Hesabu kwanza. Kilo 1,000 kwa kaya 63 ni kama kilo 16 kila moja. Asiye na chakula kingine cha maana hula karibu gramu 400 za unga kwa siku, kwa hiyo kaya ya watu watano inamaliza kilo 2. Kilo 16 ni siku nane tu! Tena itabidi mfungue viroba na kupima: unga utamwagika, lawama zote zitamwangukia mshika mizani.

Gaweni kwa vichwa, viroba vikiwa vimefungwa. Bibi anayeishi peke yake, kiroba kimoja kinampeleka miezi miwili. Kaya ya watano, viwili ni siku 25. Mtafikia kaya 25 hivi. Zilizobaki ziandikwe awamu ya pili kwenye kumbukumbu za kikao, isiwe ahadi ya mdomo.

Kuchagua: watu wawili watembelee, wasitoke jumuiya (kikundi cha waumini majirani) ya anayetembelewa. Msiulize "mna shida gani", kila mtu ana jibu la hilo. Ulizeni jana mlikula nini, saa ngapi, na chakula kilitoka wapi. Tupeni jicho jikoni pia: jivu la juzi halidanganyi.

mwinjilisti_mstaafu
Kuita majina, hapana. Someni Mathayo 6:2-4, sadaka itolewe kwa siri, kisha Yakobo 2:2-4 kuhusu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri. Mnachotangaza ni mzigo uliopokelewa na idadi ya kaya zilizopata, basi. Mtoaji apewe stakabadhi. Mhitaji apelekewe nyumbani siku ya kazi, atie sahihi au dole gumba kwenye daftari mbele ya watu wawili. Siri ni ya majina, si ya hesabu: katika 2 Wakorintho 8:20-21 Paulo hakubeba changizo peke yake, alitaka pasiwe na wa kumlaumu.

kabwela
Na wenye watoto mjini je? 1 Timotheo 5:4 inasema watoto ndio watunze wazazi. Ondoeni hao kwanza, orodha itapungua nusu.

mwinjilisti_mstaafu
Ndugu, kuwa na mtoto Dar si sawa na kutumiwa pesa na mtoto Dar. Mzee wa jumuiya ampigie huyo mtoto simu, amkumbushe wajibu wake. Hadi atakapoanza kutuma, mama anabaki kwenye orodha. Vilevile anayepata ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, asifutwe kwa sababu hiyo pekee. Angalieni kama inamfikisha awamu inayofuata ya malipo.

ghala_la_usharika
Sembe inayosubiri ikae juu ya chaga, mbali na ukuta, na isipangwe chumba kimoja na mafuta ya taa. Ingekuwa dona ningesema gaweni wiki hii, maana mafuta ya kiini huifanya ichachuke mapema.

Mwakani mwombeni mtoaji anunue mahindi mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, myatunze hadi Januari mpaka Machi, njaa inapobana sehemu zenye msimu mmoja wa mvua. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Hamna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 hivi, anikeni tena; isiponata, bado si hakika kwamba mmefika 13.5. Yakikauka yatieni kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya matabaka isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake. Panya akitoboa, dumuzi wanapata hewa na kazi yote imekwisha.

katibu_diakonia
Barikiwa sana. Mtoaji akishikilia majina?

mizani
Baraza la wazee limwandikie utaratibu wa usharika kabla mzigo haujashushwa. Asipokubali, agawe mwenyewe nyumbani kwake, na mzigo huo usiingizwe kwenye vitabu vyenu.