Mrejesho: Yule wa kutaka kuandikia magemu

Wakuu, mwezi wa pili niliwauliza kama mtu wa hadithi tu, asiyejua kuandika programu, anaweza kupata kazi studio ya magemu. Wengi mlinijibu niache kutuma riwaya yangu ya kurasa 200, nitengeneze kitu kidogo kinachochezeka.

Nikaingia Twine, programu ya kutengenezea hadithi ambazo msomaji anachagua njia. Ni ya bure, inafunguka kwenye brauza, na ipo tangu 2009. Sijui nilikuwa wapi. Nikaandika konda wa daladala anayegoma kurudisha chenji: ukimfokea, anakushusha kituo kinachofuata; ukimtania, anakupa hela yako na umbea juu. Maneno hayakunisumbua. Kilichonitoa jasho ni kumfanya konda akumbuke, vituo vitatu mbele, kwamba ulimtukana.

Studio ya kwanza ilinipa jaribio la siku 4 bila malipo, kisha kimya hadi leo. Hiyo nimeimeza. Ya pili ilinipa saa 2: mlinzi wa geti, sentensi 30 za kusema akisikia kishindo, kila moja isizidi herufi 40. Jamani! Ukifika ya 12 umeshamaliza "Nani hapo?" za kila aina. Nikaamua mlinzi awe anaogopa paka. Wakacheka, wakanipa mkataba wa miezi 3, nusu siku, hela ya kawaida tu.

Aliyenishauri nimpe konda kumbukumbu, nina deni lako la soda. Jumatatu naanza na muuza samaki, sentensi 60.