Labirinti: tuseme mzingile, au tuliache neno lilivyo?

Mfasiri Mchanga:
Ndugu zangu, ninatafsiri makala ambamo neno "labirinti" limejitokeza mara tatu: kwanza ni jengo la kale la Krete, kisha ni sehemu ya sikio, na mwishoni mwandishi analalamikia labirinti ya sheria za kodi. Nimeandika "mzingile" kote, lakini mhariri ameuzungushia wino mwekundu ule wa sikioni. Nimekosea wapi?

Msomakamusi:
Kwenye jengo hujakosea. Mzingile, ambao wengine huuita kwa ukamilifu mzingile-mwambiji, unatokana na kuzinga, yaani kuzunguka, na kisa cha Wagiriki ndivyo kilivyo: Daedalus alimjengea Mfalme Minos nyumba yenye vichochoro vilivyopindana hivi kwamba shujaa Theseus, baada ya kumuua Minotaur, zimwi lenye kichwa cha fahali lililofungiwa humo, alitoka kwa kufuata uzi aliopewa na Ariadne, binti wa mfalme huyo. Lakini tazama sarafu za kale za Knossos, mji wa huko Krete, zenye mchoro wa labirinti. Katika nyingi, ukipitisha ncha ya kalamu njiani utafika katikati bila kukuta njia panda hata moja. Ndivyo ilivyo pia labirinti ya mawe iliyo sakafuni mwa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, yenye upana wa karibu mita 13: njia ni moja, inakwenda na kurudi, wala mtu hapotei. Uzi ulikuwa wa nini, basi? Kwa hiyo, makala yako ikikusudia njia zinazogawanyika, litaje hilo waziwazi, maana neno peke yake halitoshi.

Tabibu:
Kuhusu sikio, ninamuunga mkono mhariri. Labirinti ni jina la kitaalamu la sikio la ndani, likiwemo koklea ya kusikia na mifereji mitatu ya nusu duara. Kichwa kinapogeuka, majimaji ya mifereji hiyo huchelewa kidogo kuufuata mwendo, na ubongo hutambua mzunguko kwa njia hiyo. Labirinti ikipata uvimbe, mgonjwa huona chumba kizima kinazunguka ilhali amelala tuli. Waandikie wataalamu "labirinti", na wasomaji wa kawaida "sikio la ndani".

Mfasiri Mchanga:
Nawashukuru. Na sheria za kodi? Nilifikiria "mlolongo".

Msomakamusi:
Bakiza mzingile. Mlolongo hata uwe mrefu vipi, aliyesimama mkiani anajua kichwa kiko upande gani.