Carina TI inapanda na kushuka RPM ikipata moto, fundi akakaza skrubu. Msaada wakuu

DagaaKirumba
Heshima kwenu wakuu. Nina Carina TI, injini 5A, otomatiki. Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto, ukisimama tu mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaanza kucheza wenyewe: unapanda hadi 1500, unashuka chini ya 600, unapanda tena. Kwenye foleni ya Buzuruga, AC ikiwa imewashwa na gari ipo D, inazima kabisa. Nikaipeleka gereji, fundi akakaza skrubu pale kwenye throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), akasema amenipandishia sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta). Kweli haichezi wala haizimi, ila sasa ukiingiza D inaruka kama punda aliyepigwa fimbo, na kuteremka mlima wa Bugando ni breki mwanzo mwisho. Mafuta ndiyo usiseme. Fundi mwingine anataka ninunue kontroboksi (kompyuta ya injini). Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

MzeeWaIgoma
Uza, chukua IST. 😂

Sangara_Mbichi
Mwanza tupo juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi hiyo mkuu. Gari nyingi zikitoka Dar zinasumbua huku.

Spana13
Sangara, hiyo ilikuwa shida ya kabureta. 5A inapuliza mafuta kwa sindano, ina sensa ya kupima presha ya hewa na inajirekebisha yenyewe. Daladala zote zinazotoka Buhongwa zingekuwa zinazima.

Dagaa, kontroboksi usinunue. Skrubu aliyokaza fundi haipo kwa ajili ya sailensa. Kiwandani huwekwa ili kipepeo cha throto kisijikite ukutani kikakwama. Akiikaza, kipepeo hakifungi mpaka mwisho, na sensa ya throto haiiambii tena kompyuta kwamba umeachia pedeli. Kompyuta inadhani mguu bado uko kwenye mafuta, kwa hiyo haishughuliki na sailensa, wala haikati mafuta ukiteremka. Breki ya injini imepotelea hapo, na wese lako pia. Ugonjwa wenyewe upo palepale, umefunikwa tu.

Kule kupanda na kushuka maana yake kuna hewa ya ziada inaingia. RPM zinapanda, kompyuta inaona pedeli imeachiwa, inakata mafuta. Zikishuka inarudisha, zinapanda tena. Kwa hiyo tafuta hewa inapoingilia.

Cha kwanza, injini ikiwa imepoa (narudia, imepoa), fungua rejeta uangalie maji. Kwenye 5A maji yanapita mpaka chini ya throto. Yakipungua, hewa inakaa humo, sensa ya joto inasoma vibaya, na kompyuta inalisha injini kama vile ni asubuhi.

KamangaBoy
Ng'oa thamostati mkuu. Mimi niliitoa, gari haichemki kabisa.

Spana13
@KamangaBoy ndiyo ushauri unaoua magari mjini hapa. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto, sailensa inakaa juu muda mrefu na mafuta yanaliwa. Kama gari ilikuwa inachemka, kuna sababu nyingine hukuitafuta.

DagaaKirumba
Nimefungua rejeta asubuhi, maji yapo chini sana, hata sikuyaona. Na ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kava la vavu una ufa. Niendelee vipi?

Spana13
Umeshapata mawili. Badilisha mpira. Jaza kulanti taratibu, mfuniko ukiwa wazi, washa injini na hita iwe kwenye moto wa mwisho mpaka mapovu yaishe. Halafu tafuta yalikokuwa yanavujia, maji hayapotei bure.

Sasa rudisha skrubu. Ilegeze mpaka kipepeo kijifunge chenyewe, kisha ikaze taratibu iguse tu, kipepeo kisikwame. Usitafute RPM kwa skrubu hiyo.

Ikiendelea kucheza, toa mpira mkubwa wa hewa, washa injini, ziba kwa kidole kile kitundu kilicho ndani ya throto kabla ya kipepeo. RPM zikishuka sana au injini ikazima, hewa inapitia kwenye vavu ya sailensa iliyo chini ya throto: ifungue uisafishe masizi. Skrubu zake huwa zimekwama, tumia bisibisi inayokaa sawasawa, na uwe na gasketi mpya. RPM zisiposhuka, hewa inaingilia kwingine, kagua mipira yote na gasketi ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye injini).

Mama_Noah
Naomba kuongeza: akimaliza atoe fyuzi ya EFI (ya kompyuta ya injini) kwa dakika chache, kisha aiache injini iwake bila kukanyaga mafuta hadi feni izunguke. Yangu bila hivyo ilisumbua siku nzima.

DagaaKirumba
Wakuu, mpira na maji tayari, skrubu imerudi. Haichezi tena na mlima inashika. Ila bado inakaa kwenye 600 na inatetemeka nikiweka D.

Spana13
Hiyo ni masizi sasa, kasafishe throto na vavu. Injini ikiwa na moto, ipo N, AC imezimwa, unatafuta kati ya 700 na 800. Ukiwasha AC lazima zipande kidogo zenyewe. Zikiwa sawa na bado mtetemo upo kwenye D, angalia mauntini (mipira inayoshikilia injini), usirudi kwenye ile skrubu.